Lete Futikamba

Jumamosi iliyopita nilizungumza na wazazi, walimu na watoto kwenye uwanja wa shule, Isevya, hapa Tabora mjini. Wengi walikosa kufika kwa sababu ya mvua ya asubuhi, na wameniomba maneno yale. Haya hapa, kama yalivyotoka.

Mwangaluka!

Wa nyuma sijawasikia. Mwangaluka!

Ahsanteni. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wangu, shikamooni. Akina mama mliowaleta watoto mgongoni, na wengine nimewaona mmebeba watoto ambao miguu yao inakaribia kuburuza chini, shikamooni mara mbili. Nanyi wadogo zangu mlio kwenye viti vya magurudumu pale kwenye kivuli cha mwembe, hamjambo?

Kabla sijaanza nina ombi. Mtanisikia nikikwama. Neno nitakuwa ninalo, ila ulimi utachelewa kulitoa. Naomba msinimalizie. Ningojeeni tu. Neno ni langu na nitafika nalo.

Mimi nina mtindio wa ubongo. Nalisema kwa sauti kwa sababu mimi nimekua nikilisikia likinong'onwa. Mkono wangu wa kulia mnauona, umejikunja kifuani. Kisigino cha kulia hakigusi ardhi. Ulimi nimeshawaeleza. Na kazi yangu uwanjani ni kurusha mkuki.

Mtindio wa ubongo ni nini? Ni jeraha linaloupata ubongo wa mtoto ukiwa bado unakua. Linaweza kutokea tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo. Mtoto anaweza kukosa hewa uchungu ukichukua muda mrefu. Anaweza kuzaliwa njiti. Anaweza kupata manjano makali siku za kwanza, yakapanda mpaka kwenye ubongo. Anaweza kuugua homa ya uti wa mgongo, au malaria ikampanda kichwani, na malaria hapa kwetu sina haja ya kuieleza. Jeraha lenyewe haliambukizi na wala haliendelei kukua. Linachovuruga ni amri. Ubongo unauambia msuli ulegee, msuli unakaza. Unauambia mkono utulie, mkono unatikisika.

Je, ni laana? Si laana. Je, mama alikula kitu kibaya, alimtukana mkwe, alivuka kaburi? Hapana, hapana, na hapana!

Mama yangu yuko hapa, amenipa ruhusa nieleze. Alinizaa kijijini, Urambo, baada ya siku mbili za uchungu. Siku ya pili walimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, wanaume wawili wakisukuma kwenye mchanga. Nilipotoka sikulia. Mama anasema aliuliza mara tatu, "Mbona halii?" na hakuna aliyemjibu. Nililia baadaye sana. Ile dakika ambayo hakuna aliyemjibu ndiyo iliyonifanya nilivyo, lakini miaka saba mama aliambiwa ni yeye. Walikwenda kwa waganga watatu. Mbuzi walikwenda, shamba la karanga likaenda, na baba naye akaenda. Bibi ndiye aliyesema basi, mleteni mtoto Tabora, nitakaa naye mimi.

Wenye watoto wachanga, hapa natoka kidogo nje ya mkuki, mnisamehe. Mtoto mchanga macho yake yakigeuka manjano, hasa ndani ya siku ya kwanza, usimwanike juani ukasubiri. Mkimbize hospitali. Manjano yana tiba, kuna taa za mwanga wa buluu, analazwa chini yake na yanashuka. Watoto wengi wangekuwa wanakimbia leo kama mtu angemwambia mama yao jambo hili moja.

Sasa turudi.

Bibi alikuwa na nyumba karibu na barabara ya miembe. Tabora hii miembe ni mingi kuliko watu, nanyi mnajua msimu ukifika watoto wanavyohamia juu ya matawi. Mimi kupanda siwezi. Mkono mmoja haukumbatii mti. Kwa hiyo wenzangu wakiwa juu wanakula, mimi nilikuwa chini nakusanya maganda na kokwa wanazonitupia. Siku moja nikachoka. Nikaokota fito, nikaishika kwa mkono wa kushoto, nikairusha. Haikufika popote. Kesho yake nikarusha tena. Msimu mzima nilikuwa narusha fito, na mwisho wa msimu nilitungua dodo moja. Moja tu. Nilimpelekea bibi. Alilikata kwa kisu, akanipa kokwa ninyonye kwa sababu ndiko utamu uliko, akasema, "Kumbe mkono wako wa kushoto una macho."

Shuleni nilikaa dawati la nyuma. Shule sitaitaja. Walimu hawakuwa wabaya, ila walinisikia ninavyozungumza wakadhani na akili inatembea hivyo hivyo. Nilipewa kazi ya kuchunga mabegi wakati wa michezo. Mtu wa mabegi. Darasa la pili mabegi, la tatu mabegi, la nne mabegi.

Nikiwa darasa la tano alikuja mwalimu mpya wa michezo. Siku anafundisha mkuki hapakuwa na mkuki. Alichonga fito iliyonyooka, akachomeka msumari mkubwa mbele, akaufunga kwa mpira wa baiskeli. Wavulana wakarusha. Fito ikaja kuchomeka karibu na mabegi yangu. Mwalimu akapaza sauti, "Rudisha huo mkuki!" Alitegemea niubebe. Mimi nikaurusha.

Uwanja ulinyamaza. Kisha watu wakapiga makofi. Mnayajua makofi hayo? Wenzangu mlio pale kivulini mnayajua. Ukinywa maji bila kumwaga, makofi. Ukiandika jina lako, makofi. Yanaanza haraka na kuisha haraka, na baada yake hakuna anayekuuliza kitu.

Mwalimu akainua mkono. Akasema, "Acheni makofi. Lete futikamba."

Lete futikamba!

Akapima. Akarudia kupima. Akaandika kwenye daftari lake, jina langu na tarakimu: mita 9 na sentimita 40. Halafu akanitazama, akasema, "Ni fupi. Kesho saa kumi uje, tuone kama ni mkono au ni miguu."

Ni fupi! Wazazi wangu, sijawahi kupewa neno tamu kama lile. Nilikuwa na miaka 13, na maisha yangu yote watu walikuwa wananiambia nimejitahidi. Mtu wa kwanza kuniambia ni fupi ndiye mtu wa kwanza aliyeamini kwamba inaweza kuwa ndefu.

Niwaonyeshe mkuki wenyewe, huu hapa. Mwanangu, njoo uushike, usiogope. Mkuki wa kawaida wa wanawake una gramu 600, wa wanaume una gramu 800. Katika baadhi ya madaraja yetu hutumika ulio mwepesi zaidi. Katikati umezungushiwa kamba, hapo ndipo mkono unaposhika. Unalala mshazari kwenye kiganja, na kidole cha kati kinakaa nyuma ya ukingo wa kamba, ndicho kinachousukuma. Unarushwa kutoka juu ya bega, na ukitua ni lazima ncha itangulie. Ukitua kwa mkia, hata kama umefika Nzega, haupimwi.

Mnaona kama ni kazi ya mkono. Hata mimi nilidhani hivyo. Mwalimu alinifundisha kwamba mkuki unatoka mguuni. Anayerusha kwa kushoto hukanyaga mbele kwa mguu wa kulia, na mguu huo lazima ukaze kama nguzo. Mwili unakuja kwa kasi, unagonga nguzo, ile kasi inapanda kiunoni, begani, mpaka mkononi. Vijana wenye afya wanahangaika miezi kuuzuia mguu wa mbele usikunje. Sasa mguu wangu wa kulia ni upi? Ni huu ambao tangu nizaliwe umekataa kukunja. Mwalimu alipougundua alikaa chini kwenye nyasi. Mguu uliomgharimu mama yangu shamba la karanga ndio ulikuwa nguzo yangu.

Lakini msidhani mambo yalinyooka. Kisigino hakitui, natua kwa vidole, na nikitua vibaya naanguka kifudifudi. Nimeanguka hivyo mara nyingi kiasi kwamba kovu hili la kidevuni mkiliona msiulize. Mbio zangu ni hatua saba tu, nikizidisha mwili unavurugika. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Tabora inapouma, misuli inakaza kama ngozi iliyoanikwa, na nahitaji karibu saa nzima ya kujinyoosha kabla sijagusa mkuki. Mama ananivuta mguu huku ananihadithia habari za sokoni. Hayo ndiyo mazoezi, hayana picha nzuri.

Nani alinifundisha mengine? Mwalimu alihamishwa baada ya miaka miwili. Hapo ndipo nilipomsikia Julius Yego wa Kenya, kijana wa Nandi ambaye hakuwa na kocha wa mkuki, akawa anatazama video za warushaji wakubwa kwenye intaneti na kuwaiga. Mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Nami nikaanza kukopa simu ya binamu. Natazama mara kumi, natoka uani, najaribu, narudi, natazama tena. Bibi akidhani nimechanganyikiwa, akakaa mlangoni ananihesabia.

Sasa nataka nizungumzie haki, na hapa mtanivumilia kidogo kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo.

Watu huniuliza, inawezekanaje kushindana? Mwingine anatembea, mwingine yuko kwenye kiti, mwingine mkono mmoja. Si ni kuoneana? Jibu ni kwamba kuna madaraja. Sisi wenye mtindio wa ubongo na hali zinazofanana nao tumewekwa kuanzia namba 31 mpaka 38. Namba 31 mpaka 34 hushindana wameketi. Namba 35 mpaka 38 husimama. Kadiri namba inavyopanda ndivyo ulemavu unavyopungua. Michezo ya kurusha inatangulizwa herufi F. Anayeathirika upande mmoja kama mimi mara nyingi huwekwa F37. Anayekupanga hakutazami kwa macho tu. Nililazwa kitandani, daktari akaukunja mguu wangu polepole, kisha akaukunja haraka aone unavyokaza. Nikagusishwa pua kwa kidole. Nikatembezwa. Kisha wakaja kunitazama uwanjani narusha kweli.

Wadogo zangu wa kwenye viti, sikilizeni hapa. Kiti cha kurushia hufungwa ardhini kwa mikanda kisicheze, na urefu wake pamoja na mto hauzidi sentimita 75. Unafungwa nacho, unarusha. Na wale ambao mikono inakaza sana, hawawezi kuudhibiti mkuki, kuna mchezo wa kurusha rungu. Ndiyo, rungu! Lenye gramu 397. Wanyamwezi na Wasukuma mko hapa, mnaweza kuniambia rungu ni kitu kigeni?

Haki hii haikushuka kama mvua. Michezo ya watu wenye ulemavu ilianzia kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1948, daktari Ludwig Guttmann alipowashindanisha wagonjwa wake walioumia uti wa mgongo. Paralimpiki ya kwanza ikafanyika Roma mwaka 1960. Sisi wenye mtindio wa ubongo tulikuwepo? Hatukuwepo. Tulifunguliwa mlango mwaka 1980, kule Arnhem, Uholanzi. Miaka 20 wenzetu wako uwanjani na sisi tunachunga mabegi.

Na sasa nawaletea dada yangu, ingawa hanijui. Anaitwa Shirlene Coelho, Mbrazili, mrusha mkuki mwenye mtindio wa ubongo, daraja la F37 kama mimi. Mwaka 2008 kule Beijing aliurusha mkuki mita 35.95, rekodi ya dunia ya daraja lake. Unarusha rekodi ya dunia, unatazama ubao, unaona nini? Fedha. Nafasi ya pili! Kwa sababu siku ile madaraja kadhaa yalichanganywa kwenye shindano moja, na kila mmoja akahesabiwa pointi kulingana na daraja lake. Aliyemshinda alikuwa wa daraja lenye ulemavu mzito zaidi, na kwa kipimo cha daraja lile alikuwa amefanya makubwa zaidi.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikasirika siku mbili. Mita si mita? Kisha nikakumbuka ile daftari ya mwalimu. Mita zangu 9 na sentimita 40 hakuziandika karibu na mita za wavulana. Alizipa ukurasa wake. Hapo hasira ikaisha. Kupimwa kwa haki ni kupimwa kutoka pale ulipoanzia, na aliyeanzia mbali kuliko mimi nami lazima nikubali anishinde.

Shirlene hakuondoka. Mwaka 2012 London alirusha mita 37.86, rekodi mpya ya dunia, dhahabu. Na mwaka 2016 Paralimpiki ilipokwenda nyumbani kwao, Rio de Janeiro, usiku wa tarehe 7 Septemba kwenye uwanja wa Maracanã, Wabrazili walimpa nani bendera ya taifa aingie nayo mbele ya wenzake wote? Walimpa yeye. Kisha akachukua dhahabu tena. Mama, ulinisikia siku ile nikilia mbele ya simu ukadhani nimefiwa. Nilikuwa namtazama mwanamke mwenye mwendo kama wangu amebeba bendera ya nchi.

Na sisi je? Mwaka 2012, London hiyo hiyo, Tanzania ilikuwa na mwanamichezo mmoja tu, Zaharani Mwenemti, naye alikuwa mrushaji. Mmoja! Nchi ya watu zaidi ya milioni 40 wakati ule. Tunataka kuamini kweli kwamba Mungu aliweka warushaji Brazili akasahau Tabora? Au wako ndani, nyuma ya pazia, mgeni akija wanasogezwa chumba cha ndani?

Nieleze safari yangu moja halafu nimalize, jua linapanda.

Mashindano yangu ya kwanza ya taifa yalikuwa Dar es Salaam. Stendi, kondakta alikataa mkuki. Akasema hasafirishi silaha. Basi la pili likakataa, na la tatu pia. Tukarudi nyumbani, mama akauzungushia khanga mbili, tukapanda treni. Usiku kucha ulilala juu ya magoti yetu wanne, mama, mimi na wanawake wawili wa Kigoma waliokuwa na ndoo za mawese. Waliuliza ni nini, nikawafungulia. Mmoja akaushika, akaupima mkononi kama mtu anayechagua mwiko, akasema, "Mwepesi. Usiutupe, utume."

Usiutupe, utume. Nimekuwa na makocha wawili tangu wakati huo, na hakuna aliyesema vizuri zaidi.

Uwanjani unapewa mirusho mitatu, na wanane bora huongezwa mitatu mingine. Mrusho wa kwanza: nimeinua mkuki, nimeanza hatua, upande wa pili bastola ya mbio ikalia. Sisi wenye hali hii sauti ya ghafla inatupiga mwili mzima, hata ukijua inakuja. Mkono ulijikunja, mkuki ukaanguka miguuni. Bendera nyekundu. Mrusho wa pili nikaogopa bastola, nikakimbia haraka, nikakanyaga mstari. Nyekundu. Umebaki mmoja. Nimesafiri usiku kucha, mama yuko jukwaani ameshika khanga kwa mikono miwili.

Nikangoja. Nilimwona mwanzisha mbio akiinua mkono, nikasimama tuli, nikaiacha bastola ilie, nikauacha mwili utetemeke mpaka uishe. Saa ya mwamuzi ilikuwa inakwenda. Kisha nikatembea zile hatua saba, mguu wa kulia ukakaza, nikautuma.

Bendera nyeupe. Mita 19 na sentimita 12. Nilikuwa wa tano. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wanamtazama anayefuata. Waamuzi wawili walikuwa wameinama kwenye nyasi na futikamba yao, mmoja anasoma, mwingine anaandika, na mimi nimesimama pale nawatazama wakifanya kazi yao. Nilitamani waendelee hivyo siku nzima.

Sasa nafika mita 24 siku nikiwa sawa. Ya Shirlene naiona kwa mbali. Sijavaa jezi ya Paralimpiki. Naitaka, na nasema mbele yenu kwamba naitaka.

Wazazi, sina fedha za kuwapa. Nina mkuki huu mmoja, fito tatu zenye misumari, marungu mawili aliyochonga fundi wa Ipuli, na kiti kimoja cha kurushia tulichochomelea kwa mabomba, kile pale. Nipo uwanja huu kila Jumamosi saa mbili asubuhi. Anayeshindwa nauli aniambie, tutapanga na bodaboda. Njoo na mtoto. Akianguka tutamwinua. Akirusha nusu mita, tutaandika nusu mita.

Namwona mtoto pale kwenye kiti cha buluu, tangu nianze kuzungumza hajaliachia rungu alilopewa. Mama yake, naomba umsogeze huku. Mfungeni mikanda vizuri, kiunoni na mapajani. Watu wa mbele, pisheni. Mwanangu, chukua muda wako, sisi tunangoja.

Nanyi wengine, naomba msipige makofi.

Mwalimu, lete futikamba.